Kidonge cha Orpha, Chupa za Shangazi

Kaunti ya Holmes, Ohio
10 Januari 2012

Mpendwa mwanangu Orpha, na mumeo Delbert, na yeyote atakayekuwepo mezani barua hii ikisomwa,

Salamu katika jina la Bwana. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha, na ng'ombe wakitoka zizini wanafuka mvuke kama masufuria.

Kwa uzito unaostahili, natangaza kwamba siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya nyumba ya askofu wa kanisa letu, mimi Lovina Raber, mke wa Mahlon, mama wa watoto saba, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, nilianguka kutoka kwenye gari la farasi. Gari lilikuwa limesimama. Farasi alikuwa anasinzia. Askofu alikuwa dirishani. Nimejikagua na kukuta mifupa yote ni mizima, ila heshima imevunjika mahali pawili. Mahlon anasema anaona aibu kwa niaba ya farasi.

Na mifupa imepona kwa nini? Hilo unalijua tangu nilipokuchukua ukiwa na miaka saba, baada ya mama yako kututoka: dawa yangu ya maganda ya mayai. Maganda yamechemshwa, yakasagwa, yakalala wiki mbili ndani ya siki ya tufaha, kisha nikatia asali nyeusi ya miwa kwa ajili ya damu. Ninakutumia chupa mbili. Huko Montana mko familia kumi na moja tu za kanisa letu, na wa kukuangalia ni mama mkwe wako. Saloma ni mwanamke mwema, lakini sijawahi kusikia kwamba ana dawa.

Shangazi yako aliyeanguka,
Lovina


Montana
17 Februari 2012

Mpendwa Shangazi Lovina na Mjomba Mahlon,

Salamu katika jina la Bwana. Kuna jua, lakini baridi haijali jua. Chupa zimefika salama. Delbert amecheka habari ya farasi mpaka akaweka uma chini. Tuna ndama watatu. Ninatuma kiolezo cha kukatia gauni alichoomba binamu.

Orpha

(karatasi ya pili, ndani ya kiolezo)

Shangazi, hii ni yako peke yako. Najua Mjomba husoma barua kwa sauti baada ya chakula cha jioni, na haya hayasemwi mbele ya wanaume na watoto. Kwenye kibanda cha simu ndiyo kabisa, maana sisi hatuweki simu nyumbani, na kibanda kiko uani kwa jirani.

Nina mimba. Ni wiki ya tisa. Mwaka jana yule wa kwanza alitoka wiki ya kumi na moja, na wewe peke yako ndiye niliyekwambia. Sasa nahesabu siku kama mtu anayevuka mto ulioganda.

Mwili wangu unakwenda polepole. Nasikia baridi hata nikiwa mbele ya jiko. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Juzi nimeacha birika motoni likakauka, na nilikuwa nimekaa palepale naliangalia. Nilikwenda kwa daktari mjini, akapima damu. Anasema tezi iliyo mbele ya koo haitoi homoni ya kutosha, na miezi hii ya mwanzo mtoto hana ya kwake. Anakula ya mama, hasa kwa ajili ya ubongo wake. Tezi ikilala, kichwa kinaipigia kelele iamke, na kelele hizo hupimwa kwa namba. Yangu ni nane. Anataka ishuke chini ya mbili na nusu.

Amenipa kidonge kidogo sana, kila siku kabla ya kula. Alieleza na mengine, lakini nilikuwa najikaza nisilie, nikawa naitikia tu. Shida ni kwamba nasahau. Wewe hukuwahi kusahau kitu. Nifanyeje?


Kaunti ya Holmes, Ohio
27 Februari 2012

Mwanangu Orpha,

(Barua ya mezani utaikuta kwenye bahasha. Inahusu nguruwe. Hii ndiyo yenyewe.)

Karatasi yako nimeisomea chooni, mahali pekee ambapo Mahlon hafungui mlango bila kubisha. Nililia kidogo, nikavuta maji nisisikike, nikatoka na uso wa mtu mwenye shida ya tumbo. Amenichemshia tangawizi. Ndivyo ninavyoteseka kwa ajili yako.

Sasa sikiliza. Usiseme sijawahi kusahau kitu. Niliwahi kumsahau binamu yako kanisani, na tulikuwa tumefika nyumbani na tumeshakula. Kinachosaidia ni kufunga jambo jipya kwenye jambo la zamani. Delbert akitoka alfajiri kwenda kukamua, wewe unafanya nini? Unakunywa glasi ya maziwa ya moto, kama nilivyokuzoesha. Basi weka kidonge karibu na chupa yangu. Tia kijiko kimoja cha dawa yangu kwenye maziwa, koroga, sukumia kidonge. Vyote kwa mkupuo. Daktari kasema kabla ya kula, na maziwa hayaliwi, yananyweka. Kidonge chenyewe kidogo hivyo kitahitaji wa kukishika mkono njiani.

Ninakuombea kila ninapoosha vyombo, na unajua vyombo vya nyumba hii havina mwisho.

Shangazi Lovina


Montana
19 Machi 2012

(karatasi ya pili)

Mpendwa Shangazi,

Wiki ya kumi na moja imepita. Siku ile sikutoka kitandani mpaka saa tatu. Delbert alileta kikapu cha soksi za kushona akakaa kando yangu, akashona moja kwa uzi mwekundu. Ameivaa kanisani. Ngozi yangu imekauka kama karatasi, lakini mtoto yupo. Mkunga wetu wa zamani alimsikiliza moyo kabla hajahama.

Nimeshika maneno yako. Sijakosa hata asubuhi moja: maziwa, kijiko, kidonge. Nilikwenda mjini nikijua nitasifiwa. Namba imepanda, ni kumi na moja. Daktari ameongeza nguvu ya kidonge. Halafu akaondoa miwani, akaniuliza kwa upole kama kweli ninavimeza, kwa sababu wapo wanaochoka na dawa na hakuna aibu kusema. Nikamjibu kwamba navimeza. Akaandika kitu. Shangazi, alinisadiki kama unavyomsadiki mtoto mwenye jemu mdomoni.

Ninaogopa. Si kwa ajili yangu. Nikikaa kimya namuona yule mdogo ananyoosha mkono na chungu ni kitupu.

Orpha


Kaunti ya Holmes, Ohio
28 Machi 2012

(karatasi ya pili)

Mwanangu,

Huyo daktari angekujua angekula miwani yake. Ulikuwa mtoto uliyekuja kuniungama kwamba umeota umeiba tufaha.

Mimi si daktari. Niliishia darasa la nane kama sisi sote wa kanisa hili, na hesabu nilikuwa wa mwisho lakini mchangamfu. Ila jambo moja naliona: mwili wako ni mdhaifu, hauwezi kukipokea kidonge. Kwa hiyo ongeza. Vijiko viwili. Dereva wa kukodi anayewaleta majirani zetu akina Gingerich huko kwenye harusi atakuletea chupa sita. Zimefungwa kwenye magazeti, usiruhusu Saloma afungue.

Hapa nimewaambia na wanawake wa kundi letu la kushona mablanketi ya viraka, bila kukutaja. Ada, yule jirani anayesinzia kanisani, naye amekuwa akimeza kidonge cha tezi kwa miaka mingi. Amechukua chupa mbili. Nimeanza kuonekana mtu wa maana, mwanangu, na umri huu nilishakata tamaa.

Shangazi Lovina


Montana
24 Aprili 2012

Wapendwa Shangazi na Mjomba,

Salamu katika jina la Bwana. Theluji inayeyuka, uwanja wote ni tope. Chupa sita zimefika, ahsanteni. Tafadhali msitume tena, zilizopo zinatosha kwa muda mrefu. Tumepata mkunga mpya, anaitwa Twila, mwanamke wa maneno machache. Delbert amenunua jembe. Kuku wanataga vizuri.

Orpha


Kaunti ya Holmes, Ohio
8 Mei 2012

Mwanangu Orpha,

Barua yako ilisomwa mezani. Ilipokwisha Mahlon akageuza karatasi kutazama nyuma, akasema jembe ni jambo zuri. Mimi nikakung'uta bahasha kama mtu anayetafuta senti. Hapakuwa na karatasi ya pili.

Sikutaka kuuliza. Nilijiambia binti ana shughuli, ana tope. Lakini Jumatatu imefika ile barua ya mzunguko, ile inayopita nyumba kwa nyumba na kila mmoja kuongeza ukurasa wake, na ukurasa wa Saloma unasema hivi: “Kuku wa mkwe wangu Orpha wana mayai yenye ganda gumu ajabu, tangu alipoanza kuwatilia kwenye pumba ile dawa iliyotoka Ohio.”

Watu kumi na wanne wataisoma kabla haijamrudia.

Orpha, mimi si mtu wa kununa. Mahlon anasema nimenuna tangu Jumatatu, lakini Mahlon hajui tofauti ya kununa na kufikiri. Kama Saloma amekupa dawa yake nyingine, niambie tu. Kama dawa yangu ilikuchefua, niambie. Ila usiniandikie habari za jembe wakati sijui kama mtoto yuko hai.

Na namba?

Shangazi yako, anayefikiri,
Lovina


Montana
20 Mei 2012

(karatasi ya pili, ya kwanza inahusu mvua)

Mpendwa Shangazi,

Mtoto yuko hai. Ana wiki ya ishirini na mbili na anapiga teke nikiimba. Nimeliweka hilo mbele ili usiyasome haya mengine ukiwa umeshika pumzi.

Sasa nitakwambia kwa nini sikuandika.

Katikati ya Aprili namba ilikuwa kumi na nne. Daktari alisema maneno mengi na mimi nikasikia mawili, “ubongo” na “mtoto.” Siku iliyofuata Twila alikuja mara ya kwanza. Hakunipima kwanza. Alikaa jikoni, akaniomba nimwonyeshe kwa mikono yangu ninavyofanya alfajiri, kila kitu, kama vile yeye hayupo. Nikachukua glasi. Nikamimina maziwa. Nikatia kijiko cha kwanza. Nilipoinua cha pili aliushika mkono wangu, akauliza, “Hii ni nini?”

Nikamweleza, na kwa fahari, maana ni dawa ya nyumbani kwetu.

Akanieleza taratibu. Madini ya maganda, na ya maziwa, na chuma kilichomo kwenye asali nyeusi, hukikamata kidonge tumboni na kukizuia kisiingie kwenye damu. Kinapita na kutoka. Maji matupu tu, akasema, na saa nzima bila kula, na vitu hivi vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Kumbe daktari alishayasema. Ndiyo yale niliyoyaitikia bila kuyasikia.

Wiki sita, Shangazi. Wiki sita nilikuwa nakimeza na kukifungia mlango kwa wakati mmoja.

Sasa namba ni tano, na inashuka. Twila anasema mtoto anakua vizuri, ila hakuna anayeweza kuniahidi kuhusu zile wiki. Aliongea nami kama mtu mzima na nilimshukuru.

Sikuweza kuyaandika. Barua ya mezani ingekuaibisha mbele ya watoto wako. Na karatasi ya pili nilianza mara tatu, na kila mara nilikuona unavuta maji chooni. Ulinilea kwa dawa hiyo. Basi nikaona niseme tu usitume tena. Kuku walikuwa wazo la Delbert. Alisema itakuwa dhambi kumwaga.

Nisamehe kwa jembe.

Binti yako,
Orpha


Kaunti ya Holmes, Ohio
2 Juni 2012

(karatasi ya pili)

Mwanangu,

Hakuna cha kukusamehe. Cha kusamehewa kiko upande huu, na kina uzito wa chupa nane.

Usiwe na wasiwasi wowote kuhusu hapa. Wanawake wa kundi la kushona nimekwisha kuwaambia waiache, na Ada pia. Jambo limekwisha. Nimemwaga pipa zima nyuma ya banda, na Mahlon anashangaa kwa nini pale nyasi zimekuwa nyeupe.

Je, naweza kuja Septemba? Nitakuja kwa treni. Sitaleta kitu cha kunywa.

Shangazi Lovina


Montana
3 Oktoba 2012

Mpendwa Mahlon,

Hii uisome kwa sauti mezani kama kawaida, na usiruke mahali. Watoto wabaki. Wakubwa wameshaona ng'ombe wakizaa, watavumilia.

Orpha amejifungua Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Septemba, saa mbili asubuhi, mtoto wa kike, ratili saba na nusu. Anaitwa Rosanna. Twila alimpokea, mimi nilishika taa ambayo haikuhitajika kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Delbert alipoitwa aliingia na ndoo ya maziwa mkononi, akasahau kuiweka chini, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu huku maziwa yanachuruzika kwenye kiatu.

Hiyo ndiyo habari njema. Sasa nitaandika lililotokea hasa, kwa sababu nimelificha tangu Mei na limenichosha.

Orpha ana ugonjwa wa tezi ya koo. Mtu mwenye mimba akiwa nao lazima ameze kidonge kila siku, la sivyo mtoto anaweza kutoka, au akakua bila kitu anachokihitaji kichwani. Aliniuliza mimi jinsi ya kukumbuka kukimeza. Aliuliza hilo tu. Mimi nikamwambia akimeze na maziwa na dawa yangu ya maganda, na ilipoonekana hali inazidi kuwa mbaya nikamwambia aongeze. Dawa yangu ndiyo iliyokuwa inakizuia kidonge. Namba yake ilitoka nane ikafika kumi na nne, na daktari akamdhania muongo. Angeweza kumpoteza mtoto huyu kama alivyompoteza wa kwanza, ambaye ninyi hamkuwahi kumjua. Naye Orpha ndiye aliyekaa kimya kunilinda mimi.

Kuna baya zaidi. Nilimwandikia Orpha kwamba nimewaambia wanawake wa kundi la kushona waiache dawa. Niliwaambia, ndiyo. Niliwaambia siki imeharibika. Nilisimama mbele ya wanawake kumi na wawili na mdomo ukafunguka, na kilichotoka kikawa siki. Wakanipa pole. Na Ada, Bwana amsaidie, akasema atatengeneza mwenyewe kwa siki yake, kwa sababu maelekezo anayo. Nikachoma sindano, nikaendelea kushona.

Kwa hiyo, Mahlon, ukimaliza kusoma, vaa kofia uende kwa Ada na barua hii. Usimweleze kwa maneno yako, utapunguza. Msomee. Mwambie kidonge chake kinataka maji matupu na saa nzima ya njaa, na ile dawa ikae mbali nacho, na aende akapime damu. Labda kusinzia kwake kanisani si tabia. Mimi nimekuwa nikimcheka kwa hilo miaka mitatu.

Nilimwambia Orpha juzi kuhusu hiyo siki. Alikuwa ananyonyesha. Nilitegemea atasikitika. Akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa, halafu akanitazama vizuri, akasema, “Shangazi, mwandikie Mjomba leo.” Hakunibembeleza. Ninaona amekua.

Sasa la mtoto. Siku ya pili walimtoboa kisigino na kuchukua matone ya damu kwenye karatasi, kama wanavyofanyiwa wote. Nilimwuliza Twila kama wanapima na ile tezi. Akasema ndiyo. Tukangoja siku tisa. Sijui kama unakumbuka nilivyokuwa naongea uliponioa. Siku tisa sikuongea. Saloma aliniletea supu akafikiri ninaumwa. Ni mwanamke mwema, nilikosea kumsema, na supu yake ni dawa.

Majibu yamekuja jana. Tezi ya Rosanna inafanya kazi. Na namba ya mama yake, kwa kile kidonge, ni mbili. Nilimwuliza Twila kuhusu zile wiki sita. Akasema mtoto ananyonya vizuri, anashika kidole kwa nguvu, anafuata sauti, na mengine tutayaona akikua. Nitaishi na hilo, na si jambo la Orpha kunipunguzia.

Ninaandika haya alfajiri jikoni kwao. Delbert yuko kwenye kukamua. Orpha amemeza kidonge na maji, sasa tunangoja saa yake iishe ndipo tule. Mimi sina kidonge chochote, na mkate uko hapa mbele yangu umeiva. Ameniambia mara mbili nile tu. Nimemwambia nitangoja. Ameniwekea mtoto mapajani ili nisiufikie mkate, na imebaki nusu saa.

Mkeo,
Lovina